Kuangalia manga na seri za Korea ku intaneti: namna ya kuchagua saiti bila kupoteza mega, telefone wala feza

Kwa kawaida inaanza hivi. Mtu amefuata seri mpaka epizodi ya 11, amebakiza moja tu. Jioni umeme umerudi, mega ziko, anafungua saiti aliyozoea, ukurasa haufunguki. Ao unafunguka, lakini unamtupa ku saiti ya pari. Anauliza ku grupe ya WhatsApp ya kartie: "Saiti gani ingine iko inatumika?" Dakika tano baadaye amepata viungo vitano, na hakuna anayeweza kumuambia kipi ni salama na kipi ni mtego.

Swali hilo linarudi kila wakati Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira, Kalemie na Lubumbashi, kwa sababu saiti za aina hii huzaliwa upesi na kufa upesi. Maelezo yanayofuata yanaonyesha kwa nini zinafungwa, pahali gani pa halali mtu anaweza kuangalia, mega ngapi zinakwenda, namna ya kulipa pasipo kadi ya benki, na alama za saiti inayoweza kuharibu telefone ao kumaliza feza za M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money.

Maneno yanayochanganya watu

Kwetu watu wengi wanaita "manga" kila katuni inayotoka Japani. Kwa kweli manga ni kitabu cha picha, kile kinachosomwa. Filamu ya katuni inaitwa anime. Tofauti hii ni ya maana wakati wa kutafuta: mtu akiandika "manga Naruto" ataletewa kurasa za kitabu, akiandika "anime Naruto" ataletewa filamu.

Mazoea ya kusema "manga" yametoka kwa Wafaransa. Televisheni ya Ufaransa ilianza kuonyesha Goldorak mwaka 1978, kisha kipindi cha watoto Club Dorothée, kilichodumu kutoka 1987 mpaka 1997, kikaleta katuni nyingi za Japani kwa lugha ya Kifaransa. Ndiyo maana wazazi wengi wa Kongo wanajua Olive et Tom, lakini ukiwatajia Captain Tsubasa wanashangaa, wakati ni katuni moja.

Alama mbili zingine zinaonekana kila pahali. VF ni sauti ya Kifaransa. VOSTFR ni sauti ya asili, yaani Kijapani, Kikorea ao Kichina, pamoja na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Epizodi mpya hutoka kwanza kwa VOSTFR, na VF hufuata nyuma, mara nyingi kisha majuma ao miezi. Mtu anayetafuta VF ya epizodi iliyotoka leo asubui, na saiti ikamuahidia kwamba iko nayo, ajue anadanganywa mara nyingi.

Seri za watu wa kweli wasio katuni huitwa drama. Ile ya Korea kwa kawaida iko na epizodi 16 hivi, kila moja saa moja ao zaidi kidogo. Ile ya China inaweza kufika epizodi 40 za dakika 45. Katuni ya China yenyewe inaitwa donghua.

Kwa nini saiti zinafungwa

KissAnime ilikuwa kati ya saiti kubwa kabisa za anime ulimwenguni. Mwezi wa Agosti 2020 ilifungwa, na wenyeji wake wakatangaza kwamba faili zote zimeondolewa na wenye haki. Watu wengi wakahamia 9anime. Mwaka 2023 ile ikabadili jina na kuitwa AniWave, na mwisho wa Agosti 2024 nayo ikafungwa. Siku zile zile, muungano wa makampuni ya filamu unaoitwa ACE ulitangaza kwamba, pamoja na polisi ya Hanoi huko Vietnam, umefunga Fmovies na saiti zilizofungamana nayo, AniWave ikiwa ndani. ACE ilisema saiti hizo zilitembelewa mara zaidi ya bilioni 6.7 kati ya Januari 2023 na Juni 2024. Ingine iliyojulikana, Zoro, ilibadili jina mwaka 2023 ikawa Aniwatch, na mwaka 2024 ikawa HiAnime.

Sababu ya hayo yote ni moja: saiti hizo hazikununua haki ya kuonyesha. Anime ao drama ni mali ya studio, na studio huuza ruhusa ya kuonyesha kwa inchi na kwa muda. Asiyenunua ruhusa anaweza kufungiwa siku yoyote. Na tena, saiti nyingi za namna hiyo hazihifadhi filamu zenyewe. Zinaonyesha tu dirisha linaloleta video kutoka pahali pengine. Hapo pengine pakifungwa, saiti kumi zinakufa siku moja. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona kurasa zote zikifunguka vizuri, na hakuna hata video moja inayotembea.

Kisha saiti kubwa kufungwa, kazi ya wezi inaanza. Wanafungua saiti yenye jina karibu sawa, herufi moja imeongezwa ao mwisho umebadilishwa, .to imekuwa .ru ao ingine. Rangi ni ile ile, picha ni zile zile. Mtu anayetafuta jina la zamani anaangukia pale. Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kutafuta "ingine inayofanana": jina la saiti iliyokufa ni chambo.

Si za wizi peke yake zinazokufa. DramaFever ilikuwa saiti ya halali ya drama za Korea, watu wakilipa kila mwezi, na tarehe 16 Oktoba 2018 kampuni yake, Warner Bros., iliifunga bila kuwapa watu siku za kujipanga. Funimation, ya anime, ilifungwa tarehe 2 Aprili 2024 kisha kuunganishwa na Crunchyroll. Kwa hiyo kulipa mwaka muzima mbele si akili sana. Mwezi kwa mwezi inatosha.

Pahali pa halali panapofunguka

Kitu cha kwanza kujua: saiti ya halali haionyeshi vitu sawa kwa kila inchi. Telefone ikiunganishwa kutoka Kongo, saiti inatambua, na inaficha seri ambazo haikununua haki yake kwa Kongo. Basi orodha inayosifiwa na ndugu aliye Brussels ao Montréal haiwezi kuwa sawa na ile ya Beni. Kabla ya kulipa, mtu afungue saiti bila konti ao kwa muda wa kujaribu, atafute seri tatu anazotaka kweli. Kama moja tu ndiyo iko, franga zibaki mfukoni.

YouTube ndiyo mlango wa kwanza, kwa sababu hakuna kulipa. Makampuni makubwa ya China, iQIYI, WeTV ya Tencent na Youku, yanaweka humo drama nzima kwa kanali zao zenyewe, zikiwa na maandishi ya Kiingereza na mara zingine lugha zingine. KBS World, ya redio na televisheni ya taifa ya Korea Kusini, nayo iko na video nyingi zenye maandishi ya Kiingereza. Asiyejua Kiingereza anaweza kuingia kwa mipangilio ya maandishi ya video na kuomba tafsiri ya automatiki. Kifaransa na Kiswahili viko ndani ya orodha. Tafsiri ile inachekesha mara kwa mara, lakini kisa kinafuatika. Inatumika tu kama video iko na maandishi ambayo YouTube inaweza kusoma, si yale yaliyochapwa ndani ya picha.

Kwa anime, YouTube ni ngumu zaidi. Kanali mbili zinazosifiwa sana, Muse Asia na Ani-One Asia, ni za halali na za bure, lakini haki yao ni ya inchi za Asia. Kutoka Kongo, video nyingi zinajibu kwamba hazipatikani. Si telefone imeharibika. Ni haki ya inchi.

Viki ilianza mwaka 2007, na kampuni ya Japani Rakuten iliinunua mwaka 2013. Nguvu yake ni drama za Korea, China na Japani, na maandishi yake yanaandikwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo Kifaransa kiko pahali pengi. Sehemu ya seri ni za bure na matangazo, zingine ni za kulipa, na hapo pia haki ya kila inchi inahesabiwa.

Crunchyroll ndiyo kubwa kuliko zote kwa anime. Historia yake inafundisha kitu: ilizaliwa mwaka 2006 kama saiti ambamo watu walitia filamu bila ruhusa, kisha kutoka 2009 ikaondoa vya wizi na kuanza kununua haki. Sony iliinunua mwaka 2021 kwa dolari bilioni 1 na milioni 175. Iko na VOSTFR na VF ya seri nyingi. Tangu 2022 epizodi mpya hazionekani tena bure.

Netflix ilifunguka Kongo mwezi wa Januari 2016, wakati ilipoingia inchi zaidi ya 130 siku moja. Iko na anime na drama za Korea, na aplikasio yake inaruhusu kushusha epizodi ku Wi-Fi na kuangalia baadaye pasipo mega. Kwa mtu ambaye umeme na reseau vinamkatikia kila siku, hiyo ni faida kubwa kuliko ubora wa picha.

Isisahaulike televisheni yenyewe. StarTimes, kampuni ya China inayouza dekoda Kongo na inchi nyingi za Afrika, inaonyesha drama za China zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Njia hiyo ilijulikana sana mwaka 2011, wakati televisheni ya taifa ya Tanzania ilipoonyesha kwa Kiswahili seri ya China kuhusu Doudou na mama wakwe zake. Watu waliipenda mpaka Rais wa China, Xi Jinping, akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwezi wa Machi 2013. Kwa mama ao koko asiyesoma maandishi ya Kifaransa chini ya picha, sauti ya Kiswahili inashinda saiti zote.

Mega ngapi zinakwenda

Hapa ndipo feza nyingi zinapotea bila mtu kujua. Hesabu ni rahisi. Video inayotembea kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula mega 450 kwa saa moja. Kwa ukubwa huo:

– epizodi moja ya anime, dakika 24, inakula mega 180;
– Naruto ya kwanza, epizodi 220, ni saa 88, karibu giga 40;
– drama ya Korea ya epizodi 16 za dakika 65 ni saa 17 na dakika 20, karibu giga 8;
– drama ya China ya epizodi 40 za dakika 45 ni saa 30, giga 13 na nusu;
– One Piece, iliyoanza 1999 na kufika epizodi ya 1000 mwezi wa Novemba 2021, kwa epizodi hizo 1000 tu ni saa 400, yaani giga 180.

Picha ya juu zaidi inakula mara tatu, mara sita. Netflix yenyewe inasema kwamba picha ya HD inaweza kula giga 3 kwa saa, na picha ya chini giga 0.3. Ku telefone, ile mipangilio ya kuchunga mega inapitisha saa 6 hivi kwa giga moja. Ile ya kutumia mega zote inamaliza giga moja kwa dakika 20. Ni seri moja, telefone moja, kioo kimoja kidogo. Tofauti iko kwa kifungo kimoja ambacho watu wengi hawajagusa hata siku moja.

Basi, kabla ya kuanza: ku YouTube kuchagua 360p ao chini, ku Netflix kuweka mipangilio ya kuchunga mega, kuzima kuendelea kwa automatiki, ile inayofungua epizodi ya pili wakati mtu amekwisha kulala. Kama kompanyi ya telefone inauza mega za usiku kwa bei ndogo, kushusha usiku na kuangalia mchana ni afadhali. Na saiti za wizi hazina bei ndogo kama watu wanavyofikiri: matangazo yao ya video na kurasa zinazofunguka zenyewe zinakula mega pia, na nyingi hazina kifungo cha kupunguza picha. Mtu anasema ameangalia bure, lakini amelipa kompanyi ya telefone.

Kulipa pasipo kadi ya benki

Crunchyroll, Viki na Netflix kwa kawaida zinaomba kadi ya Visa ao Mastercard, ao PayPal. Wakaaji wengi wa mashariki hawana konti ya benki, na kuna pahali benki zenyewe zimefunga milango. Njia tatu zinabaki.

Ya kwanza ni kadi ya kulipa mbele, ile inayotiwa feza kidogo kidogo. Mtu atie kiasi cha mwezi mmoja tu, asiunganishe na feza zake zote. Ya pili ni ndugu aliye Ulaya, Amerika ao Kampala kumlipia. Inawezekana, lakini tangu 2023 Netflix imekaza sheria ya watu wasiokaa nyumba moja, kwa hiyo konti iwe ya yule anayeangalia, si nusu ya konti ya ndugu. Ya tatu ni kununua kodi ya zawadi kwa mtu anayejulikana, mwenye duka na anwani, si kwa namba isiyo na sura.

Kuna wanaouza "profili" ku WhatsApp, mwezi mmoja kwa bei ndogo. Mara nyingi konti hiyo ni ya mtu mwingine, aliyeibiwa ao asiyejua. Akibadilisha neno la siri, mnunuzi amebaki inje, na muuzaji hajibu tena. Hata konti ikidumu, feza imekwenda kwa mwizi.

Alama za saiti ya hatari

Saiti yoyote, hata kama haina jina kubwa, inaweza kupimwa kwa dakika mbili. Alama hizi hazidanganyi:

Inaomba kuruhusu notifikasio kabla ya kuonyesha chochote. Maandishi yanasema "bonyeza Autoriser kuonyesha kwamba wewe si roboti". Roboti haipimwi hivyo. Ukiruhusu, telefone itajazwa matangazo ya pari, ya picha za uchi na ya "virusi vimepatikana".

Inaomba kushusha faili ya APK ili video itembee. Video haiitaji APK. Aplikasio ya halali inapatikana ku Play Store, na hapo mtu aangalie jina la kampuni iliyoitengeneza, si picha tu. APK ya inje inayoomba kusoma SMS, ao inayoomba ruhusa ya "accessibilité", inaweza kuona kodi zinazotumwa na kompanyi ya telefone na kubonyeza pahali pa mwenye telefone.

Inaomba namba ya telefone ili kufungua epizodi. Siku zinazofuata, kredi inakatwa kidogo kidogo kwa huduma ambayo mtu hakuomba.

Inaomba kadi ya benki "kwa kuhakikisha umri, bila kukata kitu". Saiti ya bure haina kazi na kadi.

Inaomba namba ya siri ya mobile money. Hapo hakuna kujiuliza. Hakuna saiti ya filamu, hakuna wakala, hakuna mtu wa kompanyi aliye na haki ya kuomba namba hiyo.

Iko na vifungo vitano vya "Lecture", na kila kimoja kinafungua ukurasa mwingine. Kufungana kwa "https" na alama ya kufuli hakutoshi. Alama ile inaonyesha tu kwamba njia imefungwa, haionyeshi kwamba aliye mwisho wa njia ni mtu mwema.

VPN ya bure nayo iangaliwe vizuri. Watu wanaitumia ili kuonekana kama wako Ufaransa ao Japani. Lakini kila kitu kinachopita ku telefone kinapita mikononi mwa mwenye VPN hiyo. Isiyo na bei inatafuta mapato pahali pengine, na mara nyingi ni kwa kuuza habari za watu ao kuwatia matangazo. Tena inaongeza mega, na saiti nyingi za kulipa zinaikataa.

Telefone ikiisha kuingia mtegoni

Kwanza kuzima mega na Wi-Fi. Kisha kuondoa aplikasio yoyote iliyoingia siku hiyo. Kama inakataa kutoka, iondolewe kwanza ruhusa ya accessibilité na ile ya msimamizi wa telefone ndani ya mipangilio. Ndani ya Chrome, kuingia mipangilio, notifikasio, na kukata ruhusa ya saiti zote zisizojulikana. Ndani ya Play Store, kuomba Play Protect ichunguze telefone.

Kama mtu alitia namba ya siri pahali fulani, atoe kadi SIM, aitie ndani ya telefone ingine, abadilishe namba hiyo mara moja, na aite kompanyi ya telefone ao aende kwa ajensi yake na kitambulisho. Asingojee kesho. Mwisho, kama matangazo yanaendelea kutokea bila kufungua chochote, ni kuhifadhi picha na namba za watu, na kurudisha telefone kama ilivyotoka kiwandani.

Sheria, na kopi za flashi

Pahali pengi pa mashariki, watu wengi hawaangalii ku intaneti hata kidogo. Wanakwenda kwa mtu mwenye ordinatere, wanalipa, wananakiliwa seri nzima ku flashi ao kadi memori. Inaeleweka: seri ya giga 8 kwa mega za telefone ni bei kubwa kwa nyumba nyingi. Kuna pia filamu zenye sauti ya mtu anayesimulia juu ya picha, kazi ambayo Uganda wanaifanya ma-VJ na Rwanda inaitwa agasobanuye.

Hata hivyo sheria iko. Ordonnance-loi namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi katika Kongo, na kunakili kwa kuuza ao kuonyesha hadharani kwa feza bila ruhusa ya mwenye kazi ni kosa. Kongo iko ndani ya Mapatano ya Berne, kwa hiyo kazi ya Japani ao Korea inalindwa hapa kama ya mwenyeji. Anayeuza kopi na mwenye chumba cha video wako karibu na hatari kuliko kijana anayeangalia kitandani kwake, lakini wote wanaangalia kazi isiyolipwa. Wanamuziki wa Kongo wanajua uchungu huo. SOCODA, shirika la haki za watunzi, iliundwa kwa ajili yake. Tangu 2023 mapato ya anime inje ya Japani yamepita yale ya ndani ya Japani. Maana yake, seri inayopendwa itaendelea ao itaachwa kufuatana na watu wa inje wanaoilipia, hata wale wanaolipa kwa kuvumilia matangazo ya YouTube.

Flashi yenyewe iko na hatari yake: inatembea kutoka ordinatere hadi ordinatere na kubeba virusi. Faili ya filamu inaisha kwa .mp4, .mkv ao .avi. Faili inayoisha kwa .exe ao .apk, hata ikiitwa "Naruto epizodi 5", si filamu. Ifutwe bila kufunguliwa.

Watoto

Wazazi wengi wanaona katuni na kufikiri ni ya watoto. Si hivyo. Olive et Tom mtoto wa miaka 8 anaweza kuangalia. Death Note, Tokyo Ghoul ao L'Attaque des Titans ziko na mauaji, damu na mambo ya kuogofya. Ni za vijana wakubwa. Drama ya Squid Game, iliyotoka Septemba 2021, si ya watoto hata kidogo, ijapokuwa michezo yake ni ya watoto. Saiti za halali zinaandika umri, na Netflix inaruhusu profili ya watoto. Saiti za wizi haziandiki, na matangazo ya pembeni yanaweza kuwa mabaya kuliko filamu yenyewe. Mtoto akipewa telefone ambayo pia iko na mobile money, mzazi amempa katuni na sanduku la feza pamoja.

Namna ya kuchagua, kwa ufupi

1. Kuandika seri tatu ambazo mtu anataka kweli, na lugha: VF, VOSTFR ao Kiswahili.
2. Kutafuta kwanza ku YouTube, kwa kanali yenyewe ya kampuni.
3. Kama haiko, kutafuta ku Viki, Crunchyroll na Netflix kutoka Kongo, bila VPN, na kuona kama iko kwa inchi hii.
4. Kuhesabu mega: saa za seri mara mega 450, kisha kulinganisha na bei ya mega za mwezi.
5. Kulipa mwezi mmoja, kuangalia, kusimamisha. Seri ikikwisha, hakuna sababu ya kuendelea kulipa.
6. Marafiki wakituma kiungo, kusoma jina lote la saiti kabla ya kubonyeza, na kurudi nyuma mara ile inapoomba notifikasio, APK, namba ya telefone ao kadi.

Na yule aliyebakiza epizodi moja? Kama seri yake haiko pahali popote pa halali kwa Kongo, jibu la kweli ni kungojea, ao kusoma kitabu chake kama kimetafsiriwa. Inauma, lakini epizodi ya 12 itangojea. Telefone iliyobeba namba za familia, picha za marehemu na franga za kesho asubui haistahili kutolewa kwa dakika 24.